Kuendesha Gari Linalovuta Nyuma Kwenye Theluji

Ukinunua gari lililotumika Minneapolis mwezi wa Julai, ni nadra muuzaji akueleze kama linavuta mbele au nyuma. Jua linawaka, barabara ni kavu, gari linakimbia vizuri. Novemba ikifika na theluji ya kwanza ikalala barabarani, unakanyaga mafuta kwenye mataa, wenzako wanaondoka, lako linazungusha matairi ya nyuma na kupindisha mkia. Siku hiyohiyo ushauri unaanza kumiminika: liuze, halifai, huku watu wanaendesha gari linalovuta kwa magurudumu yote manne.

Ndugu msomaji, usiharakishe kuuza. Hadi miaka ya 1970 magari mengi ya Marekani yalikuwa yanavuta nyuma, na watu wa Minnesota walikwenda kazini, kanisani na hospitali kwa magari hayo, majira ya baridi baada ya majira ya baridi. Kule Sweden, Volvo 240 iliyotengenezwa kuanzia 1974 hadi 1993 ilivuta nyuma, na Waswidi waliipenda. Gari la aina hii linadai mambo matatu: matairi yanayofaa, uzito uliowekwa mahali pake, na mguu mwepesi. Ukiyatimiza, utafika kazini na kurudi salama katika siku nyingi za baridi. Siku chache zitakazobaki, hata mwenye gari la magurudumu manne anatakiwa kukaa nyumbani.

Mwongozo huu nimeuandika nikiwafikiria hasa wanaoishi Minnesota na majimbo jirani, lakini anayeishi Calgary, Toronto au Stockholm anaweza kuufuata vilevile.

Lijue gari lako kwanza

Ford Mustang inavuta nyuma. Dodge Charger nyingi, BMW zisizo na maandishi xDrive, Mercedes-Benz zisizo na 4MATIC, na pikapu zisizo na 4x4 huvuta nyuma pia. Van nyingi za kusambazia vifurushi, kama Ford Transit na Mercedes Sprinter, ni za aina hiyohiyo, na wengi wetu tunazipata kazini bila kuchagua. Kama ulitoka Dar es Salaam au Nairobi ukiwa umezoea Mark X au Hiace, tabia ya gari unaijua tayari, ila hujaikutanisha na barafu.

Kama huna hakika, chungulia chini ya gari. Ukiona propela shafti ndefu kutoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu ya nyuma, na ekseli za mbele hazipokei nguvu, gari linavuta nyuma. Magari ya umeme hayana shafti hiyo, hivyo soma kitabu chake.

Tatizo lenyewe liko kwenye uzito. Tairi hushika barabara kadiri linavyokandamizwa, na injini, ambayo ndiyo kitu kizito kuliko vyote, iko mbele. Pikapu tupu ina wepesi mkubwa nyuma, na magurudumu hayohayo mepesi ndiyo yanayotakiwa kusukuma gari zima. Difu ya kawaida nayo inaongeza shida: tairi moja likiwa juu ya barafu, hilo ndilo linalozunguka bure, na lenzake lililo kwenye lami linatulia tu.

Lakini gari hili lina sifa yake. Magurudumu ya mbele hayana kazi ya kusukuma, kwa hiyo nguvu yao yote ya kushika inabaki kwa ajili ya kukata kona na kufunga breki. Ukiliendesha kwa utulivu, usukani wake unakupa habari sahihi za barabara.

Kusimama ni kugumu kuliko kuondoka

Kabla hujamwonea wivu mwenye gari la magurudumu manne, kumbuka kwamba kila gari hufunga breki kwa magurudumu manne. Kuvuta kwa magurudumu yote kunasaidia kuondoka na kupanda mlima. Wakati wa kusimama, kinachoamua ni tairi, barabara na mwendo.

Chukua mfano wa gari linalokwenda maili 30 kwa saa, yaani kilomita 48. Kwenye lami kavu, tangu breki zinapokamata, linahitaji kama mita 12 kusimama. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, hesabu inafika kama mita 37. Kwenye barafu tupu inaweza kukaribia mita 90, karibu urefu wa uwanja wa mpira. Hapo bado hatujahesabu muda uliotumia kuona hatari na kuinua mguu.

Kwa sababu hiyo, acha nafasi kubwa mbele yako. Kama kiangazi ulikuwa unaacha sekunde tatu kati yako na gari la mbele, kwenye theluji acha nane hadi kumi. Hesabu kwa kutumia nguzo: gari la mbele likiipita, anza kuhesabu hadi uifikie wewe. Watu wataingia kwenye nafasi hiyo. Waache waingie, kisha rudi nyuma kidogo tena.

Matairi ndiyo nusu ya kazi

Ukiwa na fedha ya kufanya jambo moja tu, nunua matairi ya baridi. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa, na hata tairi la misimu yote hupoteza ulaini wake kadiri baridi inavyozidi. Tairi la baridi limetengenezwa kwa mpira unaobaki laini, na kashata zake zina mipasuko midogo mingi inayong'ata theluji. Utalitambua kwa alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M na S peke yake hazitoshi.

Yafuatayo ni ya kuzingatia unaponunua:

1. Funga manne, usifunge mawili. Utakutana na mtu wa kukushauri uweke mawili nyuma, kwa kuwa ndiyo yanayosukuma. Ukimsikiliza, gari litaondoka vizuri, kisha litakataa kukata kona na kusimama, kwa sababu ya mbele hayashiki.

2. Angalia kina cha kashata. Sheria za nchi nyingi zinaruhusu hadi milimita 1.6, lakini kwenye theluji tairi lililoshuka chini ya milimita 4 limeshachoka. Tairi kipara usilipande kabisa.

3. Angalia umri. Pembeni mwa tairi pana tarakimu nne: 3522 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Ukinunua lililotumika, tarakimu hizo zinakulinda usiuziwe mpira mkavu.

4. Usipende upana. Tairi jembamba hukata theluji na kufika chini, ilhali pana la gari la michezo hupanda juu yake na kuelea. Kitabu cha gari mara nyingi kinataja saizi nyembamba inayoruhusiwa.

5. Kama uwezo upo, nunua na rimu zake. Kubadilisha kila Oktoba na kila Aprili kutakuwa kazi ya jeki na spana, na matairi yako ya kiangazi yatadumu zaidi kwa kuwa yanapumzika.

Upepo nao upime kila mwezi, gari likiwa limepoa. Kwa kila nyuzi 5 hadi 6 za Selsiasi zinazoshuka, tairi hupoteza karibu psi 1. Tairi ulilojaza psi 35 siku ya nyuzi 20 litakuwa karibu psi 28 siku ya nyuzi 20 chini ya sifuri, bila kutoboka. Usisikilize wanaosema upunguze upepo ili lishike zaidi. Ushauri huo una mahali pake kwenye mchanga, si kwenye barabara kuu yenye barafu.

Jimbo la Quebec, Kanada, limeweka matairi ya baridi kuwa lazima kwa magari yanayosajiliwa huko kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi. Minnesota haina sheria kama hiyo. Usisubiri kulazimishwa.

Ongeza uzito, kwa kiasi

Maduka ya vifaa vya ujenzi ya kaskazini mwa Marekani huuza mifuko mirefu ya mchanga, mingi ikiwa na uzito wa pauni 60, yaani kama kilo 27. Kwa pikapu, weka mifuko mitatu au minne juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Ukiirundika mwisho kabisa wa karoseri, inainua pua ya gari, na magurudumu ya mbele yanapoteza kushika. Uzito huohuo wa mwishoni unavuta mkia kwa nguvu zaidi gari likianza kuserereka.

Kwa saluni yenye matairi mazuri ya baridi, mfuko mmoja au miwili kwenye buti inatosha, na wakati mwingine haihitajiki. Funga mzigo kwa mikanda imara. Mfuko wa kilo 27 ukirushwa mbele wakati wa ajali unaweza kuua. Angalia pia kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva kinachoonyesha mwisho wa uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba. Mchanga una faida ya pili: ukikwama, unapasua mfuko na kuumwaga mbele ya matairi.

Maandalizi ya kabla ya baridi kali

Betri dhaifu iliyokuvumilia kiangazi chote itakuangusha asubuhi ya kwanza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa sababu baridi hupunguza nguvu yake wakati ambapo oili imekuwa nzito na injini inataka nguvu zaidi. Ipeleke ikapimwe Oktoba. Maduka mengi ya vipuri hupima bila malipo. Kama unaegesha nje usiku, uliza kuhusu hita ya injini ya kuchomeka kwenye umeme.

Maji ya kusafishia kioo yawe yale ya baridi, yanayohimili angalau nyuzi 29 chini ya sifuri. Tangi la mafuta lisishuke chini ya nusu. Usimwage maji ya moto kwenye kioo chenye barafu, kinaweza kupasuka. Kwangua vioo vyote na ufagie theluji iliyo juu ya paa, taa na namba za gari. Theluji ya paa ikiteleza unapofunga breki hukufunika kioo cha mbele, na ikiruka nyuma humfunika mwenzako.

Ndani ya gari weka beleshi fupi, mchanga au ule wa choo cha paka, waya za kubusti betri, tochi, blanketi, glavu, kofia, maji, chakula kikavu na chaja ya simu. Tarehe 2 Februari 1996 kituo cha Tower, kaskazini mwa Minnesota, kilipima nyuzi 60 za Farenhaiti chini ya sifuri, yaani nyuzi 51 za Selsiasi chini ya sifuri. Siku kama hizo ni chache mno, lakini hata usiku wa nyuzi 25 chini ya sifuri unaweza kumdhuru haraka mtu aliyevaa koti jepesi la kutoka gari hadi mlangoni.

Barabarani

*Kuondoka.* Nyoosha usukani, kanyaga mafuta kidogo sana, liache gari lianze lenyewe. Kwenye gia za mkono, ondoka na gia ya pili. Kwenye otomatiki, tumia hali ya theluji kama ipo. Matairi yakianza kuzunguka bure, punguza mafuta. Hapa ndipo tofauti na tope la masika ilipo. Kwenye tope, dereva wa Hiace anaweza kukanyaga mafuta mpaka tairi lichimbe na kupata ardhi ngumu. Kwenye theluji, tairi linalozunguka linayeyusha na kung'arisha barafu, na kila sekunde unayoongeza mafuta unajichimbia shimo laini zaidi.

*Kona.* Punguza mwendo ukiwa bado umenyooka, ingia ukiwa umeachia breki, kata kwa mkono mtulivu, na urudishe mafuta taratibu usukani ukiwa unanyooka. Mafuta mengi katikati ya kona ndiyo chanzo kikubwa cha mkia kutoka.

*Mlima.* Jipange ukiwa chini: acha gari la mbele lifike juu, kisha panda kwa mwendo mmoja bila kusimama. Ukiona gari linakataa, usipambane. Simama, washa taa za dharura, rudi nyuma polepole kama njia iko wazi, utafute njia nyingine.

*Mteremko.* Teremka na gia ndogo tangu mwanzo. Usishushe gia ghafla katikati ya mteremko, kwa kuwa injini itayazuia magurudumu ya nyuma peke yake, na mkia utapita mbele yako. Usiguse hendibreki kwa sababu hiyohiyo.

*Breki.* Gari lenye ABS, kanyaga kwa uthabiti na ushikilie, hata pedali ikitetemeka na kunguruma chini ya mguu. Ndivyo inavyofanya kazi, na usukani bado utakusikiliza. Lisilo na ABS, kanyaga na kuachia kwa vipindi vifupi.

*Madaraja na barafu nyeusi.* Daraja huganda kabla ya barabara kwa kuwa hewa baridi inapita juu na chini yake. Lami inayong'aa kama imelowa wakati joto limeshuka hadi sifuri huenda imefunikwa na barafu usiyoiona. Barafu ya karibu na nyuzi sifuri inateleza kuliko ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa sababu ina utando wa maji juu yake. Chumvi ya barabarani nayo hulegea joto likishuka chini ya nyuzi 9 chini ya sifuri, kwa hiyo usiiamini barabara kwa kuwa tu umeona weupe wa chumvi. Mahali kama hapa usitumie mfumo wa kushikilia mwendo wenyewe, maana utaongeza mafuta usipotaka.

Ukikuta gari la kukwangua theluji, kaa nyuma yake kwa mbali. Barabara iliyo nyuma yake ndiyo bora kuliko zote utakazopata asubuhi hiyo.

Mkia ukitoka

Jifunze haya kabla hayajatokea:

1. Inua mguu kwenye mafuta taratibu. Kwenye gia za mkono, kanyaga klachi.
2. Usikanyage breki.
3. Tazama mahali unapotaka kwenda. Usitazame mti wala mtaro, kwa kuwa mikono hufuata macho.
4. Mkia ukienda kulia, peleka usukani kulia. Ukienda kushoto, peleka kushoto.
5. Gari likianza kunyooka, rudisha usukani haraka katikati. Ukichelewa, mkia utarudi upande wa pili kwa nguvu kuliko mwanzo.
6. Likishageuka kabisa na huna tena la kufanya, kanyaga breki kwa nguvu na ushikilie mpaka lisimame.

Magari mapya madogo yanayouzwa Marekani yanalazimika kuwa na mfumo wa kudhibiti mserereko tangu yale ya modeli ya 2012. Mfumo huo hufunga breki ya tairi moja moja ili kunyoosha gari, na huokoa maisha, kwa hiyo usiuzime ukiwa barabarani. Gari la zamani kuliko hapo huenda halina, na kazi yote iko mikononi mwako. Tafuta eneo pana tupu, omba ruhusa ya mwenyewe, ufanye mazoezi kwa mwendo mdogo mpaka mikono izoee.

Ukikwama

Kwanza, acha kuzungusha matairi. Fukua theluji mbele na nyuma ya magurudumu yote manne na chini ya tumbo la gari. Nyoosha usukani. Mwaga mchanga mbele ya matairi ya nyuma. Hapa sasa unaweza kuzima udhibiti wa kuteleza kwa muda, kwa kuwa unakata nguvu unapoihitaji. Sogea mbele kidogo, rudi nyuma kidogo, kwa mafuta machache, mpaka njia irefuke. Asiwepo mtu aliyesimama nyuma ya gari. Ukishatoka, washa mfumo tena.

Kama ni dhoruba na uko mbali na mji, baki ndani ya gari. Piga 911 na ueleze ulipo. Fukua bomba la moshi kabla ya kuwasha injini, kwa kuwa likizibwa na theluji, moshi wenye kaboni monoksidi huingia ndani, na hewa hiyo haina rangi wala harufu. Washa injini kama dakika kumi kila saa kwa ajili ya joto, fungua dirisha kidogo, kisha zima. Wapo waliokufa kwenye dhoruba kwa sababu waliacha gari na kutembea kutafuta msaada.

Kuegesha na kujua siku ya kukaa

Theluji nyingi ikianguka, Minneapolis na Saint Paul hutangaza dharura ya theluji, na maegesho ya barabarani hubadilika ili magari ya kukwangua yapite. Minneapolis ina utaratibu wa siku tatu, kila siku na kanuni zake. Ukikosea, gari lako litavutwa na utalipa faini na gharama za kulikomboa. Jisajili upate ujumbe wa jiji kwenye simu. Kwa hali ya barabara kuu, tazama huduma ya 511 ya jimbo kabla hujatoka mlangoni.

Wanaofanya zamu za usiku kwenye nyumba za wazee au kusambaza vifurushi mara nyingi huogopa kumpigia msimamizi. Mpigie. Mamlaka zikishauri watu wasisafiri, hakuna zamu wala kifurushi kinachostahili maisha yako, na simu moja ya mapema inaeleweka kuliko gari lililopinduka mtaroni.

Basi panga mapema. Oktoba, kabla maduka hayajajaa na bei hazijapanda, pima betri, ununue mchanga, ufunge matairi manne ya baridi. Kazi ya mwezi huo itakulipa, na kuanzia Novemba kitakachobaki kwako ni kuendesha taratibu.